Jibu Bila Pole

Kundi liliitwa Uliza Kisauni, na kanuni zake zilikuwa nyingi kuliko majibu yake. Hayo ni maneno ya Bi Nadira wa Mishomoroni, mjane mwenye nyumba ya wapangaji, mzaliwa wa Mji wa Kale, mwanamke aliyekichukua Kiswahili kama mali ya ukoo aliyoachiwa yeye peke yake ailinde. Mtu akisema "hii maneno" mbele yake, alimrudi palepale. Akisahau kumwamkia, hakumrudi. Alimkazia macho tu mpaka mwenyewe akakumbuka.

Sasa mtu kama huyo aliingiaje katika kundi ambalo salamu ni kosa? Aliingizwa na mpangaji wake, Lynnette, msichana wa kutoka Kakamega aliyekuwa akishona suruali katika kiwanda kimoja huko Changamwe. Bi Nadira alitaka fundi wa paa, Lynnette akamwambia mafundi hupatikana mtandaoni. Fundi akaja, paa likazibwa, na Bi Nadira akabaki kundini, akisoma maswali ya watu na kusonya.

Kanuni zilibandikwa juu kabisa, hata asiyetaka azione. Swali hupelekwa kwa msimamizi, naye hulibandika bila jina la aliyeuliza ili matapeli wasimfuate. Jibu lianze na jibu. Lisizidi maneno ishirini. Nambari za simu marufuku. Salamu, pole, hongera, dua na amina, zote marufuku. Ukivunja kanuni, roboti ya kundi inakufutia jibu. Ukifutiwa mara tatu, unafungiwa mpaka kesho yake. Na chini ya yote hayo, kwa herufi kubwa: HAPA TUNAJIBU, HATULIWAZI.

Msimamizi mwenyewe aliitwa Nicanor, karani wa kampuni ya malori. Tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Zamani, kundi lilipokuwa changa, mume mmoja aliuliza ni zahanati gani iliyo wazi Jumapili, mkewe ameshikwa na uchungu. Akamiminiwa pole na amina hata simu ikapata moto, na jina la zahanati likaja mtoto keshazaliwa kando ya barabara. Ndipo Nicanor akaapa kwamba upuuzi huo hautarudi. Kosa lake ni lile la watu wengi wanaopenda mambo yapangike: alipoona pole zimezidi, hakuzipunguza, alizing'oa zote.

Bibi kizee alifika Jumanne adhuhuri. Bi Nadira alikuwa barazani akichambua mchele, akamwona mwanamke mkongwe aliyejitanda leso ya samawati, miguu imejaa vumbi jeupe la machimbo mpaka magotini, amesimama mbele ya mlango kama mtu aliyefika kwake.

"Kahaso yupo?" bibi akauliza, kwa lafudhi ya Kigiriama.

"Kahaso ni nani wako, mama?"

"Mwanangu. Hapa ndipo kwake."

Hapakuwa kwake, wala pale mtaani hapakuwa na Kahaso. Bi Nadira alimuuliza ametoka wapi, akaambiwa ametoka shamba. Shamba gani? La babaake. Jina lake yeye nani? Bibi akatabasamu kwa haya na kusema Kahaso analijua. Shingoni alikuwa na msalaba mdogo wa mti uliofungwa kwa uzi. Bi Nadira hakuuliza tena. Alimketisha, akampa maji, akamwosha ile miguu kwa mikono yake mwenyewe, akampakulia wali na mchuzi. Akatuma habari msikitini itangazwe, akenda kituo cha polisi kueleza. Askari aliandika, akamwambia akae naye tu kwanza, watu wake wakitokea wataelekezwa.

Jioni Lynnette alirudi kutoka kazini, akaingia uani akipiga kelele. "Mama Nadira, ona! Ni huyu! Ni huyu bibi!"

Swali lilikuwa limebandikwa tangu mchana. "Mama mzee, leso ya samawati, ametoka Mwakirunge Jumatatu asubuhi, kumbukumbu imempotea, humtaja mwanawe Kahaso. Ameonekana wapi?"

Bi Nadira alimshukuru Mungu kwa sauti. Alivaa miwani, akakaa kitako, akaandika kama anavyoandika mtu aliyelelewa. "Assalaam alaikum. Pole sana mwanangu kwa mtihani huu. Moyo wako utulie, mamako yupo kwangu Mishomoroni, amekula, ameoga, hana neno." Akalituma. Kabla hajavua miwani, jibu lilikuwa limekwisha kuondolewa, na mahali pake pameandikwa: "Sababu: salamu, pole. Tafadhali jibu swali."

"Tafadhali jibu swali?" Bi Nadira akaitazama simu kana kwamba imemtusi, na kweli alihisi imemtusi. "Mimi nimefanya nini basi, nimeimba?"

"Ni roboti, Mama. Haisikii kitu. Toa tu hiyo salamu na hiyo pole, itapita."

Salamu aliitoa, kwa shingo upande. Pole hakuitoa. Akatuma, likafutwa. Akatuma tena vilevile, kwa ukaidi mtupu, likafutwa la tatu, na kundi likamfungia nje mpaka kesho.

Lynnette alikuwa na nambari ya Nicanor, kwa kuwa walisali kanisa moja. Akampigia, akampa Bi Nadira simu. Na hapa, msomaji, kama una pumzi ya kushusha, ishushe, maana mambo yote yangekwisha hapa.

"Nicanor hapa," sauti ikasema.

"Hujambo, baba? Habari za jioni? Nyumbani wote hawajambo?"

"Niko kazini, madam. Una jibu ama una malalamiko?"

"Mwanangu, mimi nakuamkia."

"Sawa, nimeamka. Ni nini?"

Bi Nadira alivuta pumzi. Angesema "mama huyo yuko kwangu," na Nicanor, ambaye ndiye pekee aliyejua swali limetoka kwa nani, angempigia Kahaso dakika hiyohiyo. Lakini mtu wa pwani hafiki kwenye neno lake kwa kuruka ukuta, hupitia mlangoni. "Basi mimi ni Bi Nadira wa Mishomoroni," akasema, "na nimekuja kwako kwa adabu nikuulize kwanza, hino pole imewakosea nini?"

"Madam, malalamiko tunapokea Jumamosi. Niko na watu elfu arobaini hapa. Nikiwacha pole moja, kesho niko na pole elfu tatu na jibu hakuna."

"Haya, baba. Ahsante," akasema Bi Nadira kwa ule upole wa kuchinja, akakata simu.

Lynnette alikuwa ameshika mdomo. "Mama, hujamwambia bibi ako hapa!"

"Kwani amenipa nafasi?"

"Si ungeanza na hiyo?"

"Nianze na hiyo? Mtu huanza na hiyo?"

"Basi wacha nijibu na yangu. Bila pole."

"Usithubutu!" Alisema kwa ukali hata bibi kizee akageuka mkekani. "Mtu amepotewa na mamake mzazi, nimjibu kama ninayemtajia bei ya nyanya? Mgeni ni wangu, nyumba ni yangu, na jibu litatoka kwangu na heshima zake. Asubuhi watanifungulia."

Lynnette hakubishana naye zaidi. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Alimwandikia Nicanor ujumbe kwa siri akimweleza, nao ukakaa bila kusomwa katikati ya mamia mengine, naye alfajiri akaenda zake kiwandani, ambako simu huachwa getini. Wiki ile kulikuwa na kontena la kujazwa kwa haraka na wafanyakazi walikuwa wakilazwa hukohuko.

Mimi siwezi kusema Bi Nadira alikuwa na roho mbaya, mtu aliyekaa macho akimpepea mzee asiyemjua. Lakini neno lenyewe lina herufi nne. Angelimeza, akalitema baadaye barazani, usoni pa Kahaso mwenyewe, mara kumi kama anapenda. Aliona bibi amekula, amelala, hana homa, akadhani muda upo. Kiburi hupenda sana kudhani muda upo.

Jumatano asubuhi alifungua kundi akakuta jibu la mtu mwingine. "Ameonekana Timbwani, Likoni, karibu na feri, Jumatatu jioni." Halikuwa na pole, halikuwa na dua, maneno yake yalihesabika. Roboti ilikuwa imeliacha, na watu walikuwa wamelipigia dole gumba kwa wingi. Timbwani! Ng'ambo ya pili ya maji, na bibi alikuwa mkekani pale akilamba kijiko cha asali. Bi Nadira alimlaani aliyeliandika, kisha akaanza kupigana na mashine.

Kwanza aliipeleka pole mwisho wa jibu, akidhani roboti husoma mwanzo tu. Likafutwa. Akaitoa pole akaweka "Mungu akupe subira." Likafutwa: dua. Mara ya tatu akaandika, "Usilie mwanangu, mamako yupo Mishomoroni," akawa na hakika amewaweza. Likafutwa: jibu halikuanza na jibu. Akafungiwa tena, na jua halijafika hata utosini.

Adhuhuri bibi alitapika. Mwili wake ulikuwa moto, na alipobanwa ngozi ya mkono ilibaki imesimama. Bi Nadira alimpakia kwenye tuktuk mpaka zahanati, akatundikiwa maji. Tabibu alimweleza bila kuficha kwamba mzee ameshinda juani kutwa nzima bila maji, huenda na usiku alilala nje, na figo zimechoka. Afikishwe hospitali kubwa, na ndugu zake watafutwe upesi, maana huko watahitajika. Bi Nadira alimrudisha nyumbani kwanza, akitumaini ndugu watatokea, alazwe mpaka asubuhi ndipo ampeleke. Alimpigia Lynnette, simu ikaita getini mpaka ikakata. Nambari ya Nicanor hakuwa nayo, hakuiomba, kwa kuwa alikuwa amekwisha kukasirika.

Alasiri bibi alifumbua macho. "Kahaso yuwaja?"

"Yuwaja, mama."

"Amejua niko hapa?"

Bi Nadira alimfuta uso kwa ncha ya leso kabla ya kujibu. "Amejua," akasema. Yeye aliyekuwa akijisifu hajapata kumdanganya mgonjwa, alidanganya, na bibi akafurahi, akataka nywele zake zisukwe mwanawe asije akamkuta ovyo. Bi Nadira akamsuka, nywele nyeupe chache, kwa hasira ambayo sasa haikuwa tena juu ya Nicanor.

Alikufa Alhamisi jua likichomoza, kabla tuktuk haijafika.

Polisi wakaarifiwa, wakasema gari litakuja kumchukua baada ya adhuhuri. Bi Nadira alimfunika kwa leso yake mpya, akakaa chini ukutani, akashika simu. Kundi lilikuwa limemfungulia. Alikuwa na nafasi tatu, na safari hii hakuwa na nguvu za kupigania chochote. Alitaka Kahaso aje tu.

Aliandika kama walivyotaka, mahali kwanza, bila salamu, bila pole. "Mama yupo Mishomoroni, nyumba ya Bi Nadira, mkabala na msikiti. Amefariki." Likafutwa. "Sababu: matangazo ya vifo hayaruhusiwi. Tumia kundi la Tanzia."

Alisoma mara mbili. Akajaribu "ameaga dunia." Likafutwa, sababu ileile.

Ikabaki moja. "Amekufa" hakuweza kuandika; na hata angeweza, roboti ingelijua. Alifikiri, akakumbuka matangazo ya misiba redioni, yale ya watu wa makanisani, wanavyosema fulani amepumzika. Akautazama ule msalaba wa mti. Akaona kwamba hilo ni neno lao, mwana atalielewa na atajua ametajiwa kwa heshima. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alijisikia amempatia mwenziwe neno jema. Akaandika:

"Mama yupo Mishomoroni, nyumba ya Bi Nadira, mkabala na msikiti. Amepumzika."

Likapita. Halikufutwa. Punde si punde likapigwa nyota ya Jibu Bora, na Nicanor mwenyewe akaandika chini yake: "Mmeona? Mahali, hali, basi. Hivi ndivyo watu hujibu." Wakafuatia wengine na dole gumba. Hakuna hata mmoja kati ya watu elfu arobaini aliyeuliza amepumzika vipi, maana swali ndani ya jibu nalo lilikuwa marufuku.

Bi Nadira aliizima simu, akaingia kufukiza ubani.

Kahaso alifika kabla ya gari la polisi. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa makamo, mwembamba, amebeba kikapu kichwani, na aliingia uani karibu akikimbia. Bi Nadira alitoka akiwa amejitanda, amejiandaa kwa kilio, mikono tayari kumpokea mtu anayeanguka. Aliyemwona alikuwa anacheka.

"Shikamoo, mama! Wewe ndiye Bi Nadira?"

"Marahaba," Bi Nadira akajibu.

"Mungu akubariki, mama. Akubariki, akubariki." Kahaso akamshika mikono miwili, akaibusu. "Nimeshinda Timbwani siku mbili, mama, naingia nyumba hata nyumba, wananifungulia mbwa. Jana jioni nikasema basi, mama ameliwa na maji. Nilikuwa hukohuko leo, nalia, mara jirani ananipigia ananisomea: yupo Mishomoroni, amepumzika. Nikapiga ukelele kwenye feri watu wakanishangaa!"

Alitua kikapu, akaanza kutoa vitu. Chupa ya uji. Ndizi mbivu. Gauni safi lililokunjwa. Kitana.

"Tangu ugonjwa huu umshike halali, mama. Anazunguka nyumba nzima, ananitafuta na mimi niko mbele yake. Nikasema huyo mwanamke wa Mishomoroni ana dawa gani, amemfanya mama akapumzika?" Akacheka tena, akajifuta machozi kwa kiganja. "Amekula?"

"Jumanne alikula," Bi Nadira akasema. "Alikula vizuri."

"Yuko wapi? Humu?"

Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa nusu. Kahaso alichungulia, akaona giza, kitanda na mtu aliyefunikwa. Akarudi nyuma kwa ncha za vidole, akaweka kidole mdomoni.

"Bado amelala," akanong'ona. "Msimwamshe. Mama akiamshwa huwa mkali sana. Mimi nitangoja hapa." Akaketi juu ya mkeka, mgongo ukutani, akanyoosha miguu yake iliyovimba, na uso ukamlegea kwa raha ya mtu aliyefika.

Bi Nadira alipiga magoti mbele yake. Maneno yote aliyorithi kwa mamake na nyanyake, ya kumtangulia mtu, ya kumshika mkono, ya kumfikisha kwenye msiba kidogokidogo, aliyatafuta na hayakuja hata moja. Siku mbili aliyapigania mbele ya mashine, na leo mtu mwenyewe yuko hapa na kinywa ni kitupu.

"Mwanangu, mamako amekufa," akasema. "Amekufa leo asubuhi."

Kahaso alimtazama bila kuelewa, bado na kile kicheko kidogo pembeni mwa mdomo. "La, mama. Jirani amenisomea. Wewe umeandika amepumzika."

"Ndiyo. Niliandika."

"Umeandika amepumzika."

"Jumanne alikuwa mzima. Nilikujibu Jumanne, wallahi, na Jumatano nikakujibu. Walifuta." Alitaka kusema ni nani aliyefuta, akataka kusema roboti, kanuni, Nicanor, na kila jina akaliacha. "Palikuwa na neno moja, sikutaka kulitoa."

"Neno gani?"

Bi Nadira aliinuka, akausukuma mlango wa chumba mpaka ukafunguka wote.

Kahaso aliinuka, akaingia chumbani, akafunua leso. Alipotoka alikuwa ameshika mkononi ule msalaba wa mti na uzi wake, na aliongea polepole kama anayejieleza mwenyewe jambo.

"Nimekuja nikicheka," akasema. "Kwenye feri, kwenye gari, mpaka mlangoni pako. Mamangu amelala amekufa humu, na mimi njia nzima nimekuja nikicheka."